Msomaji wa Saa Sita Mchana

Kitabu kilikuwa mezani, kimefunuliwa, na Auleria alikuwa ameiacha meza hiyo tupu. Alikuwa na hakika ya hilo, kwa sababu kuhesabu vitabu vya mezani ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote katika maktaba ile ndogo ya Mtoni. Kila siku ikikaribia saa sita wasomaji walitoka, naye akapita na daftari, akaandika kila kitabu kilichoachwa mezani, akakirudisha rafuni, akafunga kufuli na kwenda kwake kula. Saa nane alirudi kufungua. Siku hiyo, mwezi wa Machi mwaka 1974, alikuta kijitabu cha ufugaji wa kuku katikati ya meza, na chumba kizima kinanuka utambi wa taa uliozimwa sasa hivi, ilhali maktaba haikuwahi kuwa na taa ya mafuta.

Alikishika. Pembe za kurasa mbili tatu zilikuwa na unyevu, kama vile mtu alikuwa akisoma huku analowesha kidole kwa ulimi.

Mwingine angesoma Ayatul Kursi, mwingine angefanya ishara ya msalaba, kila mtu na dini yake. Auleria, Mkatoliki wa Bukoba aliyesomea ukutubi miaka miwili, alitoa kalamu akaandika: kijitabu cha kuku, kimesomwa mara moja, kati ya saa sita na saa nane. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na tusimlaumu jini peke yake.

Miaka ile Mtoni nzima ilikuwa ikijifunza kusoma. Makuli wa bandarini, mama ntilie, wachonga vinyago waliotoka kusini, wote walikuwa jioni darasani kwenye kisomo cha watu wazima, na asubuhi walikuja maktaba na kiu yao. Lakini vitabu vilipangwa kwa nambari ambazo Auleria tu ndiye aliyezielewa. Mtu aliyetaka kujua kwa nini tumbo la mwanawe linavimba alisimama mbele ya rafu, akajifanya anachagua, kisha akaondoka mikono mitupu kwa sababu aliona haya kuuliza. Auleria hakuwacheka. Aliwaambia wasirudishe vitabu rafuni, waviache mezani tu, naye kwa kuvihesabu akajua watu wanafunua nini bila kuazima. Halafu akamfungulia kila msomaji kadi ya pili ambayo haikuwa ya serikali bali ya kwake mwenyewe. Humo aliandika mtu kaazima nini, kakaa nacho siku ngapi, ukurasa gani umerudi na doa la mafuta, na kauliza nini akakikosa.

Kadi zile zilimwonyesha kwamba watu wana njia zao. Mama anayechukua leo kitabu cha chakula cha watoto, baada ya wiki mbili utamkuta amesimama kwenye cha kushona. Kuli akimaliza kile cha kuandika barua, anatafuta sheria za kazi. Basi Auleria akazihamisha rafu zifuate njia hizo, na kabla ya nusu mwaka uazimaji ulikuwa umeongezeka maradufu. Watu walisema dada huyu anasoma mioyo. Yeye alinyamaza tu na kucheka pembeni, maana sifa ni tamu.

Kati ya wasomaji wote, aliyempenda zaidi alikuwa Sesilia, mke wa Albano mchonga vinyago. Alikuwa mwanamke wa Newala, mwembamba, msikivu, aliyejua kusoma kwa mwaka mmoja tu. Alikuja na binti yake Bernadeta wa miaka mitatu, ambaye alilala chini ya meza wakati mama yake akisoma kijitabu cha sheria mpya ya ndoa. Sesilia hakukiazima hata siku moja. Alikisomea palepale, kidole kikifuata mstari, akakiacha mezani. Pasaka ile walikula pamoja yeye na Auleria, na Bernadeta akalala mapajani mwa Auleria hadi jioni.

Asubuhi moja Sesilia alikuja na jicho limevimba. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, mwanamke akipigwa na mumewe, akitaka kuondoka na mtoto wake, anaanzia wapi. Auleria alimweleza kuhusu baraza la usuluhishi la kata. Ndipo Sesilia alipoiona kalamu mkononi mwake, akasita.

"Unaandika hayo, dada?"

"Naandika jina la kitabu tu," Auleria alimwambia. "Na kadi hii ni yangu na yako. Hata padri haioni."

Sesilia akaamini, akaenda zake. Mlango ulipofungwa tu, Auleria aliandika swali lote, neno kwa neno, kwenye safu ya maswali yaliyokosa kitabu, na pembeni akaweka tarehe na maneno "jicho limevimba". Kila Sesilia alipokuja na alama mpya, tarehe iliongezeka. Auleria alijiambia kwamba kadi yenye nusu ya ukweli haimsaidii mtu. Hakuwa na nia mbaya. Mimi nasema alivunja ahadi, na nia njema haiungi kilichovunjika.

Kitabu cha saa sita nacho kiliendelea. Kila siku kilikuwa kimoja, na kila siku kilikuwa kile kilichorudishwa mwisho asubuhi hiyo, kurasa zenye unyevu zikiwa zilezile ambazo mtu aliyekiazima alikuwa amezikazia macho. Auleria alibadilisha kufuli. Alinyunyiza unga wa muhogo sakafuni, akaukuta haujakanyagwa. Mwishowe woga ukageuka kero, maana msomaji asiye na kadi alikuwa anamharibia hesabu zake. Akamweleza Mzee Kondo, mfagiaji wa maktaba, Mzaramo aliyezaliwa palepale Mtoni.

"Mwache," Mzee Kondo alisema kwa kunong'ona, ingawa walikuwa wawili tu. "Jua la utosini wao wana mapito yao. Anaingia, anaangalia, anatoka. Usimwandike, mwanangu. Asiyeandikwa hana pa kurudi."

Auleria alimjibu kwa adabu kwamba kila msomaji ana kadi yake. Kesho yake, kabla ya kufunga, aliacha mezani kadi mpya. Nambari 413. Jina: Msomaji wa Saa Sita. Mahali anapoishi aliacha wazi. Saa nane alipofungua, nafasi ile ilikuwa imejazwa kwa wino wake na kwa mwandiko uliofanana na wake kabisa. Iliandikwa: hapa. Alikaa kitini akaiangalia muda mrefu, kisha akajiambia kwamba bila shaka aliijaza mwenyewe kwa kusahau.

Toka siku hiyo mambo yakageuka. Mezani hapakuwa tena na kitabu kilichokwisha kusomwa, bali kile ambacho mtu wa kwanza kuingia saa nane angekitaka. Auleria akikuta kitabu cha ugonjwa wa macho, haichukui dakika tano anaingia mzee anayepapasa ukuta. Kwanza aliogopa. Halafu akazoea, kisha akaanza kumtegemea, akapanga hata rafu kwa kufuata alichokikuta mezani. Mkaguzi alikuja kutoka mjini, akazipitia kadi, akasema mpango huo utapelekwa matawi mengine, na kwamba mwenye mpango atapelekwa nao. Auleria hakumtaja msomaji wa saa sita. Mtu akikubebea mzigo humwulizi amekula nini.

Mwezi wa Juni Sesilia hakuonekana siku tisa. Siku ya kumi alikuja peke yake, mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga shingoni, na chini ya meza hakuna aliyelala. Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, bila kulia, na hilo lilimtisha Auleria kuliko kilio. Albano alikuwa amerudi nyumbani na kijitabu cha kukausha mbao. Ndani yake mlikuwa na kadi. Alikaa kwenye kizingiti akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka jua likazama. Alikuwa amefaulu mtihani wa kisomo mwaka huohuo, na andiko la kwanza alilolisoma mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa lilikuwa kadi ya mkewe. Alipomaliza alimvunja mkono. Asubuhi alimchukua Bernadeta akapanda naye meli ya Mtwara, akamwacha Newala kwa bibi yake mzaa baba, akarudi peke yake. Alimrushia mkewe ile kadi kifuani, akamwambia sasa aende baraza analolitaka.

"Mie nilikuamini," Sesilia alisema. "Nilikuwaga nakwambia wewe, simwambii hata mama yangu."

"Sesilia, sikumpa. Haki ya Mungu sikumpa."

"Anasema ulimpa kwa mkono wako. Dirishani, saa sita mchana. Anasema ulicheka naye."

"Saa sita nilikuwa kwangu nakula. Hakuwa mie."

"Alikuwa nani mwenye uso wako?"

Sesilia aliiweka kadi juu ya meza kwa mkono mzima, akatoka.

Alipobaki peke yake Auleria alivuta sanduku la kadi, akaanza kuzipitia, na akaona kadi hazikuwa mahali pake, nyingine hazikuwemo kabisa, na alipokimbilia rafuni na kufunua vitabu alizikuta humo, kadi ya mwenye kifua kikuu ndani ya kitabu kilichotakiwa na mwajiri wake, kadi ya binti wa kwaya ndani ya kitabu cha katekista, kadi ya mke ndani ya kitabu cha mume na ya jirani ndani ya kitabu cha jirani, kila moja ikiwa imewekwa pale ambapo ingefikiwa na mkono wa mtu yuleyule asiyepaswa kuiona, zimepangwa kwa akili, kwa subira, kwa kufuata zile njia za watu ambazo yeye mwenyewe alizichora, na huku harufu ya utambi ikizidi kujaa chumbani ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi na madirisha yote wazi. Ya mwisho kabisa ilikuwa nambari 413. Safu ya vitabu vilivyoazimwa ilikuwa imejaa juu hadi chini, na hayakuwa majina ya vitabu. Yalikuwa majina ya watu. Albano. Sesilia. Wengine kumi na mmoja. Chini yao lilikuwa la kwake, nalo halikuwa na tarehe ya kurudishwa.

Mzee Kondo hakumwambia nilikwambia. Alimpeleka kwa Mwinjuma, fundi cherehani wa Mtongani ambaye kwa siri ya watu wazima alikuwa pia fundi wa mambo mengine. Walimkuta akishona kaptura za shule, na hakuiacha cherehani muda wote Auleria alipokuwa akieleza. Alikuwa mtu wa hasira hasira, na aliuliza swali moja tu, kama yule mgeni aliandikwa jina. Auleria alipokiri, alisonya.

"Wanaopita ni wengi, hawana haki ya kitu," alisema. "Huyu umempa nambari, ukampa na watu wa kusoma. Akisha kumsoma mtu anamvaa. Zichome kadi zote, saa sita, kwa mkono wako ulioziandika. Ikibaki moja, ana pa kukaa."

Auleria aliuliza kama kadi moja inaweza kusazwa, au walau kunakiliwa. Alikuwa na sababu. Sesilia alikuwa amemtumia maneno kupitia kwa Mzee Kondo: baraza linakaa Jumamosi, balozi wa nyumba kumi amemwambia kwamba bila tarehe za vipigo itakuwa neno lake dhidi ya neno la mumewe, na tarehe hizo, katika dunia nzima, zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja tu. Kadi iliyompotezea mtoto ndiyo hiyohiyo ingeweza kumrudisha. Mwinjuma aliisimamisha cherehani.

"Ukinakili umemwandika upya. Unataka atoke au unataka kadi?"

Usiku ule Auleria hakupata usingizi, na kulipopambazuka alikuwa ameshajipatia dawa ya moyo wake. Angechoma zote, kisha Jumamosi angesimama barazani aseme kwa kinywa chake kila alichokiona. Alikuwa na wasomaji mia nne wa kuwaokoa. Hayo ndiyo aliyojiambia, na yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kilichomsukuma kilikuwa hofu ya lile jina lake chini ya orodha, na alilijua hilo.

Ijumaa, jua likiwa utosini, waliweka pipa nyuma ya maktaba, yeye na Mzee Kondo. Aliwasha moto akaanza kutupa kadi, kumi kumi, na kumi za kwanza ziliposhika moto walisikia ndani ya chumba kilichofungwa ukurasa mmoja unafunuliwa polepole, kisha wa pili, kisha zikaanza kufunuka kurasa za vitabu vyote kwa pamoja, haraka, haraka zaidi, hadi vioo vya madirisha vikatetema, na katikati ya mfuatano ule ukasikika ulimi wa mtu unalowesha kidole, karibu kabisa, kana kwamba uko ndani ya sikio la Auleria, halafu sauti ikamwita kutoka dirishani, sauti ya kike yenye lafudhi ya Bukoba, sauti yake mwenyewe, ikimsihi kwa upole kwamba moja tu, dada, niachie moja tu, nami sitamgusa mtu, na Mzee Kondo akamshika bega akamnong'oneza asigeuke, naye hakugeuka, akabaki na kadi mbili mkononi, ya 413 na ya Sesilia, akatazama zile tarehe mara ya mwisho akijaribu kuzikariri huku machozi na moshi vikimziba macho, akazitupa zote mbili.

Kukawa kimya. Harufu ya utambi ikakatika, ikabaki ya karatasi tu. Mzee Kondo akashusha pumzi, akasema ameondoka. Ndipo Auleria alipogeuka akamwona Sesilia amesimama penye pembe ya ukuta, na mkono wake mzima umenyooshwa mbele kama wa mtu aliyekuja kupokea kitu.

"Umechoma yangu," Sesilia alisema.

"Sesilia, kwa nini umekuja leo?"

"Si umeniita? Jana saa sita ulikuja kwangu. Ulikaa mkekani, ukanywa maji yangu, ukaniomba radhi hadi nikakusamehe. Ukasema njoo kesho adhuhuri nyuma ya maktaba, kadi nakupa mkononi."

Auleria alifungua kinywa kusema kwamba jana saa sita alikuwa kwa Mwinjuma, kwamba hakuwa yeye, na maneno hayo yakamfia midomoni kwa sababu alikuwa ameshayasema mara moja. Sesilia alilitazama pipa mpaka moto ukashuka, kisha akaondoka bila kuongeza neno.

Jumamosi Auleria alikwenda barazani. Alisimama, akaeleza, akataja tarehe tatu alizozikumbuka. Albano, aliyevaa shati safi na kukaa kwa adabu, aliomba ruhusa ya kumwuliza swali moja: ni nani aliyempa kadi ile. Wajumbe walimtazama Auleria. Hakuweza kusema ni yeye, na hakuweza kusema ni jini mbele ya mwenyekiti wa tawi la chama. Mjumbe mmoja mwanamke akasema kwa uchungu kwamba mtu anayeandika siri za wanawake na kuwagawia waume zao hana ushahidi wa kutoa mahali popote. Baraza likashauri mke na mume wakaelewane nyumbani, na mtoto abaki kwa bibi yake hadi hapo watakapotulia.

Mwinjuma alikuja kukikagua chumba kile mara mbili, akasema ni safi. Vitabu vilivyoachwa mezani vilikuwa vilevile vya asubuhi, na siku nyingine hapakuwa na hata kimoja, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea na watu hawakuja tena.

Wiki ya tatu Auleria hakuweza kuvumilia. Jioni, kabla ya magharibi, alikwenda hadi chumba alichopanga Sesilia baada ya kumwacha Albano, akapiga hodi. Alisikia miguu ikija na kusimama nyuma ya mlango. Aliita jina lake. Alisema amekuja kuomba radhi, na kwamba yuko tayari kwenda Newala kwa nauli yake kumwona bibi wa mtoto.

"Ni yupi leo?" Sesilia aliuliza kutoka ndani.

"Ni mie. Mie Auleria mwenyewe. Yule ameondoka, hatarudi tena."

Komeo la ndani likasukumwa kuufunga mlango.

"Yule alivaa uso wako tu," Sesilia alisema. "Aliyeniambia anaandika jina la kitabu tu ni wewe, ukaandika yote. Nilichokihitaji umekichoma wewe. Angekuwa yule, ningemfungulia."